Kidonda na Kovu: Kusoma Afya ya Utotoni katika Mabaki ya Mifupa

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyochunguza afya ya watoto wa zamani kwa kutumia mifupa na meno yao. Kwanza yanaonyesha namna umri wa mtoto unavyokadiriwa, kisha yanafafanua alama kuu ambazo njaa na maradhi huziacha katika mwili unaokua. Hoja kuu ni kwamba alama ya mfupani haina maana moja iliyoganda. Inaweza kuwa ushahidi wa ugonjwa na papo hapo ikawa ushahidi wa kupona. Na mfupa usio na alama waweza kuwa wa mtoto aliyekuwa na siha, au wa yule aliyekufa upesi mno. Mfano mkuu unatokana na kijiji cha Wharram Percy nchini Uingereza. Mwishoni inapendekezwa kwamba tofauti ambayo Kiswahili kinaiweka baina ya kidonda na kovu itumiwe katika kuueleza uwanja huu.

1.0 UTANGULIZI

Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya kaburi la mtoto lililogunduliwa katika pango la Panga ya Saidi, katika eneo la pwani ya Kenya. Mtoto huyo alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na kaburi lake ni kongwe kuliko yote ya binadamu wa leo yaliyokwisha kutambuliwa barani Afrika. Watafiti walimwita kwa jina la Kiswahili, Mtoto. Mifupa yake ilikuwa imeoza kiasi kwamba haikuweza kuguswa bila kusagika, ikabidi donge zima la udongo lizungushiwe plasta na kuchukuliwa hadi Nairobi, na baadaye hadi maabara ya Burgos nchini Hispania. Humo yalionekana meno, na kwa meno hayo ilijulikana kwamba alifariki akiwa na umri wa baina ya miaka miwili na nusu na mitatu.

Ugunduzi huo unafundisha mengi kuhusu maziko. Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na mkao wa mifupa unaashiria kwamba alifungwa katika kitu na kichwa chake kikaegemezwa. Hata hivyo, ugunduzi huo hauwezi kujibu swali moja ambalo msomaji yeyote angependa kuliuliza: je, watoto wa wakati wake walikuwa na afya ya namna gani? Mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha kizazi kizima. Afya ya jamii husomwa katika mabaki ya watu wengi waliozikwa mahali pamoja katika kipindi kinachojulikana.

Umuhimu wa kuisoma mifupa hiyo unatokana na ukweli kwamba watoto ndio walioandikwa kwa uchache kuliko watu wote. Hata Uingereza, ambako kumbukumbu zimehifadhiwa kwa wingi, makanisa hayakuamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na maziko hadi mwaka 1538. Mtoto wa mkulima aliyefariki kabla ya hapo hakuacha jina wala tarehe. Kilichobaki ni mifupa yake. Kwa hiyo, mifupa hiyo ikisomwa vibaya, hakuna hati nyingine itakayosahihisha kosa hilo.

2.0 UMRI KAMA HATUA YA KWANZA

Kabla ya kusema kwamba mtoto alidumaa, ni lazima ijulikane alikuwa na umri gani. Mfupa mfupi wa paja unaweza kuwa wa mtoto wa miaka minne aliyekua vizuri au wa miaka sita aliyekua vibaya. Kwa sababu hiyo umri haukadiriwi kwa urefu wa mifupa, bali kwa meno. Meno hujijenga kwa mpangilio usiobadilika sana: gego la kwanza la kudumu huanza kuumbika karibu na wakati wa kuzaliwa, na vichwa vya meno ya kudumu, isipokuwa magego ya mwisho, huwa vimekamilika mtoto akiwa na miaka kama saba au minane. Njaa huchelewesha ukuaji wa mifupa kuliko inavyochelewesha meno. Hivyo meno hutumika kama saa, na mifupa mirefu kama kipimo cha hali.

Uthabiti wa njia hii umepimwa. Kati ya mwaka 1984 na 1986 yalifukuliwa mabaki ya watu wapatao elfu moja chini ya kanisa la Christ Church, Spitalfields, jijini London, ambako watu walizikwa katika karne ya 18 na ya 19. Majeneza 387 yalikuwa na vibao vyenye jina, umri na tarehe ya kifo. Wataalamu waliweza kukadiria umri kwa mifupa na kuulinganisha na ule ulioandikwa. Matokeo yalikuwa funzo kubwa: kwa watu wazima makosa yalikuwa mengi, vijana wakikadiriwa kuwa wazee na wazee wakikadiriwa kuwa vijana, lakini kwa watoto meno yalitoa umri uliokaribiana sana na ule wa vibao.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba umri unaopatikana kwa meno ni umri wa mwili. Jamii huugawanya utoto kwa vigezo vyake. Mzungumzaji wa Kiswahili hutofautisha kichanga, mtoto anyonyaye, mtoto aliyeachishwa ziwa na mwari, na baadhi ya mipaka hiyo huwekwa na tendo au jando na unyago, wala si kwa hesabu ya miaka. Mtafiti anayesema "mtoto" kwa maana ya mtu aliye chini ya miaka 18 anatumia kigezo cha sheria za siku hizi, na hapana budi akumbuke kwamba huenda waliozikwa hawakukijua.

3.0 ALAMA NA VYANZO VYAKE

3.1 Katika meno

Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, ikishajengwa haijengwi tena. Mtoto akipatwa na homa kali au njaa wakati jino lake linaumbika, chembe zinazojenga enameli hupunguza kazi, na jino hubaki na mfuo unaolizunguka. Mifuo hiyo huonekana zaidi katika meno ya mbele na chonge. Kwa kuwa enameli huongezeka kwa utaratibu unaojulikana, mahali pa mfuo hutaja takribani umri ambao mtoto alipatwa na msukosuko. Hata kuzaliwa kwenyewe huacha mstari katika meno ya utotoni, ambao huonekana kwa hadubini.

3.2 Katika mifupa

Mfupa, tofauti na enameli, hujijenga upya maisha yote. Kwa hiyo unaweza kuandika na pia kufuta. Mistari ya Harris, ambayo huonekana kwa eksirei ikikata mfupa wa muundi kwa upana, iliwahi kuchukuliwa kuwa kumbukumbu ya nyakati ambapo ukuaji ulisimama kisha ukaendelea. Lakini mistari hiyo hufutika kadiri mfupa unavyojijenga upya, na pengine huonekana kwa watoto ambao hawakuugua. Imani ya wataalamu juu yake imepungua sana.

Alama nyingine ni vitundu vidogo vidogo katika paa la tundu la jicho. Kwa muda mrefu vitundu hivyo vilielezwa kuwa matokeo ya upungufu wa damu, ambapo uboho hutanuka ili kutengeneza damu zaidi. Leo inakubalika kwamba kiseyeye na maradhi mengine pia vinaweza kuvisababisha au kuacha alama zinazofanana navyo. Matege nayo hutokana na ukosefu wa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa msaada wa mwanga wa jua. Mifupa hulainika na kupinda chini ya uzito wa mtoto anayetambaa au kutembea.

3.3 Katika kemia ya mwili

Mtoto anyonyaye hula, kwa namna fulani, mwili wa mama yake. Kwa hiyo isotopu nzito ya naitrojeni huwa nyingi zaidi katika kolajeni yake kuliko katika ile ya mama, nayo hushuka taratibu baada ya kuachishwa ziwa. Kwa kupima mifupa ya watoto waliokufa katika umri mbalimbali, au tabaka za dentini za jino moja, inawezekana kukadiria kipindi cha kunyonyesha.

Lakini hapa pia alama moja ina zaidi ya chanzo kimoja. Huko Kilkenny, Ireland, yalifukuliwa mabaki ya watu wasiopungua 970 waliokufa katika nyumba ya maskini wakati wa Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845 na kumalizika mwaka 1852. Julia Beaumont na Janet Montgomery (2016) walichunguza meno ya baadhi yao. Kiwango cha isotopu nzito ya naitrojeni kilionekana kupanda katika vipindi vya dhiki, kwa kuwa mwili wenye njaa hujila wenyewe. Kisha kikashuka huku ile ya kaboni ikipanda, wakati watu walipoanza kula mahindi yaliyoletwa kama chakula cha msaada. Yaani dalili ambayo kwa kichanga humaanisha maziwa ya mama, kwa mwingine humaanisha kukosa chakula. Kinachoamua ni muktadha: umri wa tabaka la jino na kile kinachotokea kwa kaboni wakati huo huo.

4.0 KITENDAWILI CHA MIFUPA

Hadi miaka ya 1980 hesabu ilikuwa nyepesi. Kaburini mkiwa na alama nyingi, jamii ilikuwa na afya duni. Mkiwa na alama chache, afya ilikuwa bora. Mwaka 1992 James Wood, George Milner, Henry Harpending na Kenneth Weiss walichapisha makala yaliyoipinga hesabu hiyo, na mjadala waliouanzisha haujafungwa.

Hoja yao inaeleweka vizuri kwa mfano wa makundi matatu. Watoto wa kundi la kwanza hawakupatwa na njaa wala maradhi makali. Mifupa yao haina alama. Wa kundi la pili walipatwa na dhiki ya wastani, wakaugua kwa muda mrefu, wakapona. Mifupa yao ina alama nyingi. Wa kundi la tatu walipatwa na dhiki kubwa, wakafa katika siku chache. Mfupa huchukua majuma au miezi kuonyesha ugonjwa, nao hawakupewa muda huo. Mifupa yao haina alama. Mtafiti anayehesabu alama tu ataliweka kundi la tatu pamoja na la kwanza, na kulitangaza la pili kuwa ndilo lililoteseka kuliko yote.

Matatizo wanayoyataja ni matatu. La kwanza ni mabadiliko ya idadi ya watu. Jamii ambayo uzazi wake umeongezeka huwa na watoto wengi, na kwa hiyo huzika watoto wengi. Wastani wa umri wa kufa hushuka hata kama afya haikuharibika. La pili ni kwamba kifo huchagua. Watoto wa miaka mitano walio makaburini si mfano wa watoto wote wa miaka mitano waliokuwa hai. Ni wale tu ambao hawakufika miaka sita. La tatu ni kwamba watu hawakuwa na uwezo sawa wa kustahimili maradhi, na tofauti hiyo imefichika.

Ni kosa, hata hivyo, kuligeuza fundisho hili kuwa kanuni mpya kwamba kila alama ni dalili ya nguvu. Alan Goodman (1993) aliwajibu Wood na wenzake kwamba mifupa haisomwi kwa alama moja moja, bali kwa alama kadhaa pamoja na habari za chakula, makazi na kazi. Aidha, Sharon DeWitte na James Wood (2008) walichunguza makaburi ya East Smithfield, London, walikozikwa waliokufa kwa tauni mwaka 1349 na 1350. Walionyesha kwamba hata maradhi hayo makali hayakuua bila ubaguzi: watu waliokuwa tayari na alama mifupani walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Hapo alama ilikuwa ishara ya udhaifu.

Njia mojawapo ya kutoka katika utata huu ni kuuliza kama alama ilikuwa hai au imepona wakati wa kifo. Mfupa mpya uliojengwa haraka huwa na uso uliochakaa na vinyweleo vingi. Ukipona hulainika na kushikamana na mfupa wa zamani. Kiswahili kinaitaja tofauti hii bila shida: cha kwanza ni kidonda, cha pili ni kovu. Mtoto aliyekufa na kidonda huenda aliuawa na ugonjwa ule. Aliyekufa na kovu aliushinda, akafa kwa jambo jingine. Orodha inayovijumlisha viwili hivyo chini ya neno "alama" huchanganya walioshindwa na walioshinda.

5.0 MFANO WA WHARRAM PERCY

Wharram Percy ni kijiji cha wakulima huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kilichohamwa mwishoni mwa Zama za Kati. Uchimbaji wa kiakiolojia uliendeshwa huko kuanzia mwaka 1950 hadi 1990. Katika uwanja wa kanisa yalipatikana mabaki ya watu 687, wengi wao wa Zama za Kati, ambayo yamechunguzwa hasa na Simon Mays.

Urefu wa mifupa ya watoto ulilinganishwa na umri wa meno yao. Ilionekana kwamba mtoto wa miaka 10 alikuwa mfupi kwa kiasi cha sentimita 20 kuliko mtoto wa Uingereza wa siku hizi, na mwenye miaka 14 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 10 wa leo. Lakini watu wazima wa kijiji hicho hawakuwa wafupi kwa kiasi hicho: wanaume walikuwa na wastani wa sentimita 169 hivi, na wanawake 158. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ukuaji wao ulikwenda polepole, ukaendelea kwa miaka mingi zaidi kuliko ilivyo leo. Laiti wangepimwa watu wazima peke yao, ingesemwa kwamba utoto wao ulikuwa mwema.

Pingamizi linajitokeza papo hapo. Watoto waliopimwa ni wale waliokufa. Je, hawakuwa wafupi kwa sababu walikuwa wagonjwa, ilhali wenzao waliosalia walikua vizuri? Shelley Saunders na Robert Hoppa (1993) walilichunguza swali hili na kuona kwamba tofauti hiyo ipo lakini ni ndogo, kwa kuwa watoto wengi wa zamani walikufa kwa maradhi ya ghafla ambayo hayakuwapa nafasi ya kudumaa kwanza. Upungufu wa sentimita 20 ni mkubwa mno kuweza kuelezwa kwa sababu hiyo pekee. Hapa ghafula ya kifo, ambayo huficha maradhi, inasaidia: mtoto aliyekufa kwa homa ya siku tatu hubaki na kimo alichokuwa nacho miongoni mwa walio hai.

Vipimo vya naitrojeni vilionyesha kwamba watoto wa kijiji hicho waliachishwa ziwa wakiwa na umri wa miezi 18 hivi. Wala haionekani kwamba walidumaa kwa kunyimwa maziwa ya mama. Dhiki kubwa ilikuwa katika miaka iliyofuata.

Jambo la tatu ni matege. Donald Ortner na Simon Mays (1998) walieleza vichanga wanane wa Wharram Percy, wenye umri wa kati ya miezi 3 na 18, waliokuwa na dalili za matege. Ugonjwa huo huhusishwa na miji yenye moshi na vichochoro visivyofikiwa na jua. Ulifikaje katika kijiji cha wakulima? Inadhaniwa kwamba vichanga hao walikuwa wagonjwa tayari kwa maradhi mengine, na kwa sababu hiyo walifungiwa ndani ya nyumba zenye giza. Matege yao yalikuwa vidonda, si makovu, na yalitokana na uangalizi uliokusudiwa kuwaponya.

Mary Lewis (2002) aliwalinganisha watoto wa Wharram Percy, wa Raunds, wa mji wa York na wa Spitalfields, jumla yao 831. Hali mbaya kuliko zote haikuonekana katika mji wa Zama za Kati, bali Spitalfields, katika enzi ya viwanda: vifo vingi, ukuaji duni, na maradhi ya lishe kama matege. Nao hawakuwa watoto wa mafukara, kwani familia zao ziliweza kulipia maziko ndani ya kanisa. Ugonjwa uliokuwa wa nadra Wharram Percy, na uliosababishwa na hali ya mtoto mmoja mmoja, London ulikuwa sehemu ya maisha ya kawaida. Mfupa uliopinda ni ule ule. Habari inayosimuliwa ni tofauti.

6.0 WASIOONEKANA

Yote yaliyoelezwa yanawahusu watoto ambao mabaki yao yamepatikana. Mifupa ya vichanga ni midogo na laini, huyeyuka upesi katika udongo wenye asidi, na wachimbaji wa zamani mara nyingine hawakuitambua kuwa ya binadamu. Mila nazo huamua nani azikwe wapi. Huko Ireland vichanga waliokufa kabla ya kubatizwa walizikwa mbali na wengine. Kukosekana kwao katika uwanja wa kanisa hakumaanishi kwamba hawakufa.

Tahadhari hii inaugusa pia Uswahilini. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki na mji mmoja wa bara. Wengi wao walitoka katika makaburi ya wenye hadhi, yakiwamo yaliyo karibu na misikiti. Atakayetumia makaburi ya namna hiyo kueleza afya ya watoto wa pwani atakuwa ameeleza afya ya watoto wa nyumba za mawe. Wa vibanda vya udongo wana historia yao, nayo haimo humo.

Aidha, hadi hivi karibuni haikuwezekana kumtambua kwa mifupa yake mtoto wa kike na wa kiume, kwa kuwa tofauti hujitokeza baada ya kubalehe. Tangu miaka ya 2010 protini za enameli zimewezesha jambo hilo. Sasa inawezekana kuuliza kama wasichana na wavulana walilishwa na kutunzwa sawa.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba mabaki ya mifupa ni chanzo cha thamani cha historia ya watoto, lakini si chanzo kinachojieleza chenyewe. Mwanaisimu anaizoea hali hiyo katika polisemia: neno lenye maana nyingi halifasiriwi nje ya tungo, na kutotajwa kwa jambo katika matini si ushahidi kwamba halikuwapo. Alama ya mfupani nayo husomwa pamoja na umri wa kufa, hali ya kupona, alama nyingine za mwili huo huo, na habari za waliofikia utu uzima.

Kwa wale watakaofundisha au kuandika uwanja huu kwa Kiswahili, uchaguzi wa istilahi una uzito. Kuita kila badiliko la mfupa "ugonjwa" ni kuamua kabla ya kuchunguza. Inafaa neno alama litumike kwa badiliko ambalo halijafasiriwa, kidonda kwa lililokuwa hai wakati wa kifo, na kovu kwa lililopona. Kwa maneno hayo matatu, ambayo kila msemaji anayo, mtoto aliyeishi na maradhi hatachanganywa na yule aliyekufa nayo. Na mifupa isiyo na alama yoyote haitapewa jina la afya mpaka ijulikane kwamba mwenye mifupa hiyo alipata muda wa kuugua.